NANI ASHIKE DAFTARI LA DUKA?

Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Waliyasema hayo zamani, kabla simu haijaingia mfukoni mwa mwananchi, na kabla shilingi haijaweza kutoka Kigoma na kufika Mtwara kwa kufumba na kufumbua. Mtu aweza kudhani kwamba usemi huo umekwisha kazi yake katika siku hizi za mitambo. Sisi twaona kinyume chake. Twaona kwamba haujapata kuwa na kweli nyingi kama ilivyo leo.

Hivi majuzi tulisimama katika duka moja huko Tandika, Dar es Salaam. Ni duka la unga, mchele, sukari, sabuni na mafuta ya kula, la aina ile ambayo kila msomaji wetu anayo moja karibu na nyumba yake. Juu ya meza palikuwa na simu tatu. Ukutani palibandikwa namba ya kulipia, imeandikwa kwa tarakimu kubwa hata mpita njia aweza kuisoma. Robo saa haikutimia, wakaja wateja sita, na wanne kati yao walilipa bila ya kutoa sarafu wala noti. Tukamwuliza mwenye duka, mama wa makamo, mpole na mchapa kazi: “Mama, mwezi uliopita duka lilipata faida kiasi gani?” Akatutazama, akacheka, akasema: “Jamani, hiyo faida naijulia wapi? Mradi watoto wanakula na bidhaa hazikatiki.”

Ndugu wasomaji, jibu hilo si la mjinga. Mama yule anajua bei ya jumla ya kila kitu kilicho dukani mwake, na anamjua kila jirani mwenye tabia ya kukopa na kusahau. Jibu lake ni la mtu aliyekabidhiwa chombo bila ya kufundishwa matumizi yake yote. Zile simu tatu zinajua habari za duka kuliko mwenye duka mwenyewe. Zinajua ni saa ngapi mauzo huwa mengi, ni siku gani ya mwezi fedha hupungua, na ni nani hununua mara kwa mara. Habari hizo zimehifadhiwa, lakini zimehifadhiwa mbali naye, katika mitambo ya watu wengine. Hapo ndipo ilipo hoja yetu ya leo.

Kununua jembe si kulima

Katika semina na mikutano twasikia sana maneno haya: mageuzi ya kidijitali katika biashara ndogo na za kati. Ni maneno mazuri. Lakini wasemaji wengi wanapoyatamka huwa wanaonyesha vyombo: simu kubwa, kompyuta, mashine ya risiti, programu ya kuuzia bidhaa. Msikilizaji hurudi nyumbani akiamini kwamba akishapata vyombo hivyo, mageuzi yamekwisha fika. Yafaa ikumbukwe kwamba kununua jembe si kulima. Mageuzi ni kubadili namna ya kufanya kazi, na katika biashara kazi ya kwanza ni kujua kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki.

Jambo hili halihusu watu wachache. Sera ya Taifa ya mwaka 2003 ya kuendeleza viwanda vidogo na biashara ndogo huzigawa biashara hizi kwa idadi ya wafanyakazi na kwa mtaji. Yenye wafanyakazi wasiozidi 4 ni ndogo sana. Yenye wafanyakazi 5 hadi 49 ni ndogo. Na yenye wafanyakazi 50 hadi 99 ni ya kati. Basi anahesabiwa humo mama lishe, fundi cherehani, mwenye mashine ya kusaga, muuza dawa za mifugo, mwenye karakana ya kuchomelea vyuma, na mwenye kiwanda kidogo cha kukamua alizeti kule Singida. Hawa ndio wanaowalisha na kuwaajiri wananchi wengi mijini na vijijini. Wakipotea gizani, hawapotei peke yao.

Simu ilivyofika mezani

Haki itendeke: mageuzi haya yamekwisha kutuletea manufaa makubwa. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na mwaka 2008 ikaingia Tanzania. Makampuni mengine ya simu yakafuata. Hapo mwanzo kila kampuni ilikaa kama kisiwa, na mwenye fedha katika kampuni moja alipata taabu kumlipa mwenye simu ya kampuni nyingine. Ndiyo sababu ya wafanyabiashara wengi kujaza simu mezani. Kuanzia mwaka 2014 baadhi ya makampuni yakaanza kuunganisha njia zao, na mwaka 2016 Vodacom nayo ikaingia katika mapatano hayo. Katikati ya mambo hayo, mwaka 2015, Bunge lilitunga Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa. Baadaye Benki Kuu ikajenga mfumo wake wa malipo ya papo kwa papo, uitwao TIPS, unaoziunganisha benki na makampuni ya simu, na ikaweka alama moja ya kulipia iitwayo TANQR, kile kipicha cha vijiraba vyeusi na vyeupe ambacho mteja hukipiga kwa kamera ya simu yake.

Nani asiyekumbuka hali ya zamani? Mfanyabiashara wa Songea alipokwenda kununua mali Kariakoo alifunga fedha zake katika kitambaa, akazificha kiunoni, akasafiri usiku kucha bila kulala usingizi, akimtilia mashaka kila abiria aliyeketi kando yake. Leo anaweza kumtumia muuzaji wa jumla fedha hizo akiwa dukani kwake, na mzigo ukapakiwa katika basi jioni ile ile. Huo ni ukombozi, na asiyeusifu anadhulumu ukweli.

Lakini kila ukombozi una kazi inayoufuata. Simu inayopokea fedha bado si daftari. Huandika yale yaliyopita ndani yake tu. Haijui kwamba asubuhi mwenye duka alichukua noti sanduku la fedha likapungua. Haijui kwamba kilo 3 za sukari zimekwenda kwa jirani kwa mkopo. Haijui kwamba panya wametoboa gunia. Na iwapo namba ya kulipia dukani ndiyo hiyo hiyo ya michango ya harusi, ada ya shule na salamu za shangazi kutoka Tabora, basi hata yale inayoyaandika yamechanganyika kama mchele na chuya.

Tufanye hesabu pamoja

Tuchukue mfano wa kubuni, ili tusimguse mtu. Duka linauza bidhaa za shilingi 200,000 kwa siku. Bidhaa hizo zilinunuliwa kwa shilingi 175,000. Mwenye duka anaona shilingi 25,000 zimebaki, naye anafurahi. Tumsaidie kuhesabu. Pango, likigawanywa kwa siku, ni shilingi 5,000. Msaidizi wake hulipwa 7,000. Umeme na gharama za kuleta mizigo ni 3,000. Makato ya kutuma na kutoa fedha kwa simu ni 2,000. Jumla ni shilingi 17,000. Faida ya kweli ni shilingi 8,000 tu.

Sasa jioni yake anachukua shilingi 12,000 kwa mboga, nauli na madaftari ya watoto. Hafanyi kosa la uhuni, anawalisha wanawe. Lakini amechukua shilingi 4,000 zaidi ya faida, na hizo 4,000 ni mtaji. Kwa siku 26 za kazi amekula shilingi 104,000 za mtaji. Kwa mwaka ni shilingi 1,248,000. Rafu zitaanza kuonyesha mbao tupu. Naye atasema biashara imekuwa mbaya, au atasema jirani ana kijicho, au atamtilia shaka yule kijana msaidizi na kumfukuza kazi. Kumbe mwizi hakuwapo. Kilichokosekana ni mistari michache ya kuandikwa kila siku.

Angeliandika katika daftari la karatasi, angelijua katika juma la kwanza. Akiandika katika simu yake, atajua siku ile ile, na simu itamfanyia hesabu ya kujumlisha na kutoa bila kuchoka. Hiyo ndiyo maana ya mageuzi kwa mwenye duka dogo: hesabu ya leo ijulikane leo.

Woga wa kuandika

Twajua kwamba wapo wanaoogopa daftari. Husema kwamba kilichoandikwa kitaonekana, na kikionekana kitatozwa kodi. Woga huo haukuota wenyewe. Mwaka 2010 Serikali ilipoanzisha mashine za kielektroniki za kutolea risiti kwa wafanyabiashara waliosajiliwa katika Kodi ya Ongezeko la Thamani, na ilipopanua utaratibu huo mwaka 2013, palitokea manung'uniko makubwa juu ya bei ya mashine, na katika miji kadhaa maduka yalifungwa. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka, wakalalamikia makadirio ya kodi, usajili wa stoo, na ukamataji wa mizigo kwa ajili ya risiti, hata Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaenda kukutana nao. Juni 2024 maduka yakafungwa tena.

Sisi twasema kwamba pande zote mbili zina neno la kujifunza. Mtoza kodi ajifunze kwamba mashine haiwi na haki kuliko mtu anayeisimamia. Mashine iliyoletwa ili kuondoa ubishi isigeuzwe kuwa mtego wa kumvizia mnunuzi mlangoni. Na mfanyabiashara ajifunze kwamba giza halimlindi. Asiye na maandishi hana cha kujitetea nacho anapokadiriwa zaidi ya uwezo wake; atabaki kuapa na kulalamika, na kiapo si hesabu.

Tutoe ushahidi. Katika viwango vya mwaka 2019 kwa wafanyabiashara wadogo, mtu aliyeuza kati ya shilingi milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka alitakiwa kulipa shilingi 100,000 ikiwa hakuweka kumbukumbu za mauzo. Aliyeweka kumbukumbu alitakiwa kulipa asilimia 3 ya mauzo yaliyozidi milioni 4. Basi aliyeuza bidhaa za milioni 5, akawa na daftari, alilipa shilingi 30,000. Jirani yake aliyeuza kiasi kile kile bila daftari alilipa 100,000. Tofauti ni shilingi 70,000, nayo ndiyo bei ya kutoandika. Sheria yenyewe ilimwambia mwananchi kwa tarakimu kwamba kalamu ina thamani, lakini ni wangapi waliambiwa hivyo kwa lugha wanayoielewa?

Mkopo unaokausha damu

Wako wengine ambao hawaogopi kabisa kuziandika habari za duka lako. Hao ni wakopeshaji wa simu. Programu zao huingia katika simu, zikaomba ruhusa ya kuona majina ya watu unaowafahamu, nawe kwa haraka ya shida ukaibonyeza ruhusa. Fedha hufika kabla chai haijapoa. Waswahili walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Wenzetu wa siku hizi wamelitafutia jambo hilo jina kali zaidi, wanaita mikopo ya kausha damu.

Hebu tuhesabu tena kwa mfano wa kubuni. Mtu anakopa shilingi 100,000 kwa siku 30, na gharama ni shilingi 9,000. Yaonekana ni kidogo, chini ya shilingi 10 katika kila 100. Lakini duka lake halina hesabu, hivyo kila mwezi analipa na kukopa tena fedha zile zile. Katika miezi 12 atakuwa amelipa gharama ya shilingi 108,000, naye bado anadaiwa laki moja aliyoanza nayo. Ameinunua laki moja kwa zaidi ya laki moja, na laki yenyewe si yake. Na huo ni mfano wa mkopeshaji mwenye huruma. Wapo wanaotoza gharama kama hiyo kwa juma moja, na siku ya malipo ikipita huwapigia simu jamaa, mkwe na mwajiri wako ili kukuaibisha.

Serikali haikulala. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika mwaka 2023, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali, ikawaonya wananchi wasizitumie. Hayo ni mema. Lakini sheria haiwezi kukaa katika kila simu na kuushika mkono wa mwenye shida usibonyeze. Dawa ya kudumu ni mwenye duka kujua hesabu yake. Anayejua kwamba faida yake ni shilingi 8,000 kwa siku atajua pia ni mkopo gani aweza kuubeba na ni upi utamvunja mgongo. Tena, akiwa na maandishi ya miezi 12, aweza kwenda katika chama chake cha akiba na mikopo, au benki, akazungumza kama mtu mzima, badala ya kuombaomba kwa mashine usiku wa manane.

Somo kutoka barabarani

Kama yupo anayedhani kwamba twatia chumvi tunaposema kwamba mwenye daftari ndiye mwenye biashara, na atazame habari za madereva wa teksi za mtandao. Dereva mwenye gari lake, au aliyelikodi, ni mfanyabiashara mdogo. Mafuta ni yake, matairi ni yake, jasho ni lake. Lakini orodha ya abiria si yake, wala bei haipangi yeye. Mwaka 2022 Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliweka kikomo cha makato yanayochukuliwa na makampuni ya mtandao kuwa asilimia 15 ya nauli. Kabla ya hapo makato yalifika hata asilimia 33. Aprili mwaka huo kampuni ya Uber ikasimamisha huduma zake nchini. Januari 2023, baada ya kikomo kupandishwa hadi asilimia 25, ikarejea.

Hatuandiki haya ili kumtukana mtu. Kampuni ilileta chombo ambacho abiria wanakipenda. Twaandika ili ionekane nguvu iko wapi. Siku kampuni ilipozima mtambo wake, dereva alibaki na gari zima, tangi lenye mafuta, na hakuwa na namna ya kuwafikia abiria wale aliowachukua kwa muda mrefu, kwa kuwa majina yao yaliandikwa katika daftari la mwingine. Mwenye duka wa leo anayeuza kwa njia ya mitandao ya watu na alitafakari hilo. Akose vyote, lakini majina ya wateja wake, namba zao na hesabu ya mali yake ayaandike pia mahali palipo pake.

Moto na mkongo

Na tuwe waangalifu pande zote mbili. Karatasi huungua. Usiku wa Julai 10, 2021, soko la Kariakoo lilishika moto, na daftari la karatasi lililofungiwa ndani ya duka haliwezi kuupita moto kama ule. Mashine nazo huzima. Mei 12, 2024, hitilafu katika mikongo ya baharini ilikata intaneti katika sehemu kubwa ya nchi, na waliotegemea intaneti kwa kila kitu walikaa wakitazama vioo vya simu. Mwenye hekima hufanya kama mkulima anayegawa mbegu katika maghala mawili. Hesabu iwe katika simu, na nakala iwe kwenye karatasi nyumbani, au kwa ndugu mwaminifu.

Tena wapo wezi wa njia hii mpya. Ni nani kati yetu hajapata ujumbe usemao “ile pesa tuma kwenye namba hii”? Mwizi huyo huwatumia watu wengi sana, akitumaini kwamba mmoja wao anadaiwa na hakumbuki vizuri anadaiwa na nani. Mtu mwenye daftari hamtumii, maana anajua kwa hakika anadaiwa nini na alipe kwa namba ipi. Na namba ya siri haipewi mtu: si wakala, si mtoto, si mpiga simu anayejidai kuwa ametoka makao makuu ya kampuni.

Neno kwa wafanyakazi

Wafanyakazi wenzetu wasidhani kwamba jambo hili ni la matajiri wa maduka. Katika biashara isiyo na hesabu, mfanyakazi ndiye wa kwanza kuumia. Mali ikipungua husemwa kwamba ameiba yeye. Mshahara wake hutoka siku fedha zinapopatikana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yataka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi, lakini mwajiri asiyeandika hata mauzo yake ataandikaje haki za mtu? Pale ambapo kila bidhaa inayoingia na kutoka imeandikwa, kijana mwaminifu ana shahidi wake. Akilipwa kwa simu badala ya kuwekewa noti mkononi, ana ushahidi wa tarehe na kiasi. Kwa hiyo mfanyakazi asiione mashine kama askari aliyewekwa kumchunga. Aidai, ajifunze kuitumia, na ahakikishe kwamba inaandika haki yake kama inavyoandika makosa yake.

Nao wenye biashara za kati wasije wakafanya kosa la kununua programu leo na kufukuza makarani kesho. Karani aliyezoea hesabu za duka kwa miaka mingi ndiye anayejua ni wapi programu imekosea. Mfundisheni chombo kipya. Msitupe ujuzi wa zamani pamoja na karatasi zake.

Tufanye nini?

Hatupendi kumaliza kwa maneno matupu, kwa hiyo twatoa mashauri manne ambayo mtu aweza kuanza nayo kesho asubuhi.

La kwanza, kila biashara, hata ya meza moja ya nyanya, iwe na namba yake ya kupokelea malipo, mbali na namba ya nyumbani. La pili, mwenye biashara ajipangie posho yake ya siku au ya juma, aichukue na kuiandika kama anavyoandika mshahara wa mtu mwingine, na asiguse zaidi ya hapo. La tatu, kila jioni kabla ya kufunga mlango, yaandikwe mambo manne: tumeuza nini, tumenunua nini, tumemkopesha nani, na fedha iliyopo ni kiasi gani. Kazi hiyo haihitaji simu ya bei kubwa. Simu ya tochi yatosha kupokea malipo, na daftari la shule latosha kuandikia mpaka uwezo wa kununua chombo bora upatikane. La nne, anayelipwa kwa simu na alipe kwa simu. Kutoa fedha kwa wakala ili kwenda kumlipa noti muuzaji wa jumla, ambaye naye atazirudisha kwa wakala, ni kulipa makato mara mbili kwa kazi moja.

Lakini yapo mambo ambayo mtu mmoja hayawezi. Duka moja haliwezi kumwajiri mtu wa hesabu. Maduka 20 ya mtaa mmoja yaweza. Fundi mmoja hawezi kuibishia kampuni juu ya makato. Mafundi 200 wenye umoja na wenye maandishi husikilizwa. Wazazi wetu walipoanzisha vyama vya ushirika, waliona kwamba mnunuzi wa kahawa na pamba ndiye aliyeshika mizani na ndiye aliyeshika daftari, na mkulima alibaki kupokea alichoambiwa. Wakaungana ili waishike mizani wenyewe. Baadaye, katika vyama vingine, mizani ikashikwa na makarani wasio waaminifu, na mkulima akaibiwa na mtoto wake mwenyewe. Hilo nalo tusilisahau. Ushirika bila hesabu inayoonekana na kila mwanachama ni mlango mwingine wa wizi. Leo chombo kipo kinachoweza kumwonyesha kila mwanachama hesabu ya chama chake katika simu yake, na kiongozi anayekataa kuonyesha hana kisingizio kilichobaki.

Kwa hiyo twawaomba wanachama katika matawi na mitaa wasiliache jambo hili kwa semina za hotelini. Katika kila mtaa wapo vijana waliomaliza kidato cha nne, wanaijua simu kuliko kitabu, nao wanashinda vijiweni wakisubiri kazi. Na katika kila mtaa wapo mama na baba wa maduka wanaojua biashara lakini hawajui kuzifungua hesabu zao. Waketishwe pamoja saa moja kila jioni kwa mwezi mmoja. Kijana atafundisha chombo, na mama atamfundisha kijana bei, subira na namna ya kumkatalia mkopo jirani bila kuvunja ujirani. Wote wawili watatoka na mali.

Tulipoondoka pale Tandika, yule mama alituuliza: “Sasa hiyo faida nitaijuaje?” Tulichukua daftari la mwanawe lililokuwa juu ya gunia la mchele, tukafungua ukurasa mtupu, tukachora mistari minne. Akaandika mauzo ya asubuhi ile, polepole, akizitazama simu zake moja baada ya nyingine na kuzinakili. Alipomaliza aliutazama ukurasa kwa muda, kisha akamwita kijana wake wa dukani aje naye aone.